Daftari la Msiba wa Kasim

Shemeji yangu Abdul-Latif alilia nyuma ya pazia siku ya tatu ya msiba, na mimi mjinga nikampa daftari kwa mkono wangu mwenyewe. Mkono huu hapa. Naanzia hapo kwa sababu watu wa hapa Luzira, Kampala, wanapenda kusema Kulusum ni mkali, Kulusum hana msamaha, halafu wanasahau kueleza ilianzaje. Ilianza hivyo.

Mume wangu Kasim alikufa Jumatano, tarehe saba Mei, akizibua karavati. Zoni yetu, yaani mtaa wetu, tunaiita Bwawani, na nyuma yake kuna kinamasi cha mafunjo kinachoshuka mpaka ziwani. Maji yote ya mvua yalikuwa yanaingia humo, yanakaa, yanaondoka polepole. Halafu ikaja kampuni moja inataka yadi ya kuweka kontena. Wakaanza kumwaga udongo upande wa chini, tipa baada ya tipa, eti sehemu ya kwanza tu, ya majaribio. Majaribio! Mvua ya kwanza ya Mei maji yalikosa pa kwenda, yakarudi kwetu. Kasim akashuka na koleo kuzibua karavati lililojaa ule udongo wao. Ukuta wa jirani, ulioloa tangu asubuhi, ukamwangukia. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho.

Kabla ya hapo, Kasim alikuwa ameandika barua tatu kupinga ile yadi. Niseme ukweli, alizisema yeye, nikaziandika mimi, kwa sababu nilipiga taipu ofisini bandarini miaka kumi na minne na karatasi ya serikali hainitishi. Abdul-Latif alilijua hilo. Ni mdogo wake Kasim, mama mmoja baba mmoja, na ndiye katibu wa zoni. Shikeni hapo.

Alhamisi tulimzika. Sisi Wanubi hatucheleweshi maiti. Watu walikuja tangu asubuhi: kutoka Bombo, Makindye, Entebbe, mpaka Jinja. Mlangoni alikaa jirani yangu Akeyo, Mjaluo wa Kisumu anayechoma chapati pale kona. Yeye ni Mkristo, na alikuwa ameona kwenye misiba ya Kampala daima kuna kitabu cha wageni, basi akajipa kazi. Akanunua kaunta buku, akapiga mistari kwa biki nyekundu akitumia mwiko wa chapati, maana rula hakuna. Tarehe, jina, unakotoka, simu, sahihi. Hakupita mtu. Hata Shehe Kamis, aliyekuja kusalisha jeneza, alisimamishwa akaandika kwanza. Hata mama mkwe wangu, Mama Shakirah, aliyetoka Bombo macho yamevimba, Akeyo alimshika kidole gumba akakipaka wino. Nilimwambia, "Akeyo we, huyu ndiye mwenye msiba!" Akanijibu, "Hajati, kila mtu. Kesho utataka kujua nani alikuja." Ananiita Hajati kunitania, Maka kwenyewe sijafika.

Baada ya hapo nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, mjane hatoki, hajipambi, hakai na wanaume wasio maharimu wake. Siku ya tatu Abdul-Latif akaja, akasimama nje ya pazia la chumba changu, akalia. Nilimsikia anavuta kamasi. "Shemeji," akasema, "nipe lile daftari nikawapigie watu simu, niwashukuru kwa niaba ya familia." Nikaona, masikini, ndugu yake amekufa, anatafuta kazi ya kufanya. Nikalipitisha chini ya pazia.

Hakumpigia mtu hata mmoja. Nililijua hilo Agosti.

Mwezi huo Akeyo aliingia kwangu bila kubisha, aproni imejaa unga. Ile ripoti ya athari za mazingira ya kampuni ilikuwa imewekwa ofisi ya parishi, yaani ya kata, wananchi waisome, kama sheria inavyotaka. Wananchi gani hao? Ni kitabu kinene kama tofali. Lakini Akeyo ni mdadisi, mfano wake sijauona. Alikwenda kila siku baada ya chapati, akasoma asiyoyaelewa, akapiga picha kwa simu yale aliyoyatilia shaka.

"Hajati, angalia ukurasa wa sitini na nne," akasema. "Angalia halafu usipige kelele."

Juu paliandikwa kwa taipu: kikao cha kuwashirikisha wananchi wa Bwawani, tarehe nane Mei, saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, mwenyekiti wa kikao Abdul-Latif, katibu wa zoni. Wahudhuriaji themanini na saba, wote wakiuunga mkono mradi wa kujaza kinamasi. Chini yake kulikuwa na nakala kivuli ya orodha, majina na sahihi za mkono.

"Hii mistari," Akeyo akasema, akikuza picha kwa vidole, "si ni yangu? Angalia inavyopinda pale mwiko ulipoteleza."

Nikatazama. Namba moja, Shehe Kamis. Namba mbili, dada yangu Rashidah wa Bombo. Namba kumi na mbili, kidole gumba cha Mama Shakirah. Watu waliokuja kumzika mume wangu, aliyeuawa na ule udongo, walikuwa wamegeuzwa watu waliokuja kuukubali. Tarehe Latif hakuweza kuibadilisha kwa sababu kila mtu aliiandika kwa mkono wake, mstari kwa mstari. Akaona haidhuru. Nani atafika ukurasa wa sitini na nne?

Nilipiga kelele. Nilivunja na birika.

Nilipotulia Akeyo akanieleza la pili. Serikali, yaani mamlaka ya mazingira, itafanya kikao cha hadhara kabla ya kutoa kibali. Kibali kikitoka, watajaza kinamasi chote mpaka ziwani, na mvua za mwisho wa mwaka zitaingia kwetu mpaka dirishani. Zoni nzima, nyumba mia na kitu, na yangu ndiyo ya kwanza kwenye mteremko. Aliyepewa kupanga siku na mahali ni katibu wa zoni, na yeye amechagua Jumanne, tarehe tisa Septemba. Nikahesabu kwa vidole. Eda yangu inaisha Alhamisi, tarehe kumi na moja.

Ahaa! Alikuwa amehesabu na yeye. Mtu mmoja tu Bwawani angesoma ile karatasi mbele ya watu na kuielewa, na mtu huyo amefungiwa ndani mpaka siku mbili baada ya kikao. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa kwenye kanga yangu kabisa.

"Toka tu," Akeyo akaniambia. "Ni dharura. Shehe atakuruhusu."

"Nikitoka," nikamwambia, "Latif atasimama aseme, oneni mjane huyu, hata eda ya ndugu yangu ameivunja. Watu watajadili miguu yangu badala ya mkono wake. Sitoki."

Sitawadanganya kwamba nilikuwa nawaza mafunjo na maji siku ile. Nyumba niliiwazia, ndiyo. Lakini usiku na mchana nilichokitaka ni Abdul-Latif aaibike. Nilitaka aaibike mbele za watu walewale alioiba majina yao, na mama yake akiwepo. Nilikaa kwenye mkeka nikalipika jambo hilo mpaka likaiva.

Silaha alikuwa amenipa mwenyewe, pale kwenye ile orodha. Safu ya nne, simu.

Nikaanza kupiga. Namba themanini na saba, nikiwa nimekaa ndani ya pazia na nguo zangu nyeupe za eda. "Asalaam aleikum, ni Kulusum, mke wa marehemu Kasim. Tarehe tisa Septemba tunamfanyia Kasim karama nyumbani, tunamsomea na kula. Alhamisi ya kumaliza eda Shehe hana nafasi, tumeiwahisha. Tafadhali usikose." Karama ya maiti Mnubi haikosi. Waliosita niliwakumbusha nani aliwazikia nani. Shehe Kamis peke yake nilimwambia kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitakuwepo saa tatu."

Mama Shakirah nilimwambia hivi tu: "Mama, ukisikia jina lako limeitwa kwenye spika, simama useme siku ile ulikuwa wapi." Akaniuliza ni ya nini. Nikasema ni mambo ya serikali. Nilijua ninachofanya.

Jumanne ikafika. Hema la kikao lilipigwa kwenye kiwanja kilicho mbele ya nyumba yangu, hatua thelathini kutoka dirishani. Kote kwingine Bwawani nyumba zimebanana, Abdul-Latif hakuwa na uwanja mwingine. Sijui aliona dirisha langu au hakuliona. Asubuhi wageni wa karama wakaanza kuteremka kwenye boda na teksi, wanawake wamejifunga gurbaba, nguo zetu za Kinubi, za rangi, wanaume na kofia. Tukawapa chai. Nikamsikia Abdul-Latif nje anamuuliza mtu, "Hawa wote wametoka wapi leo?" Akaambiwa, kwenye karama ya ndugu yako. Akasema, "Hakuna aliyeniambia." Nikacheka peke yangu nyuma ya pazia, wallahi nilicheka.

Saa nne kikao kikafunguliwa. Aliyekaa mbele ni Bi Ayot, afisa wa mamlaka, mwanamke wa kabila la Lango, mwembamba, anaongea taratibu kama anayehesabu dawa. Mtaalamu wa kampuni akasimama na buti zake safi, akaeleza ajira, akaeleza mitaro, akaeleza jinsi mafunjo yatakavyopandwa kwingine. Kisha akasema kwenye spika, nami nimesimama nyuma ya wavu wa dirisha, "Wananchi themanini na saba wa Bwawani walishirikishwa kikamilifu, na hakuna hata mmoja aliyepinga."

Akeyo akanyoosha mkono. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. "Mheshimiwa, mimi naomba hiyo orodha isomwe," akasema. "Walioshiriki wasimame tuwaone, tuwapigie makofi."

Abdul-Latif akaruka. "Muda hautoshi, madamu. Majina ni mengi."

"Muda upo," akasema Bi Ayot. "Na wewe ndiye uliyeongoza kile kikao, si ndivyo? Basi soma wewe."

Hilo hata mimi sikulipanga. Mungu si Athumani.

Akashika karatasi, akakohoa. "Shehe Kamis."

"Nipo," akasema Shehe Kamis kutoka mlango wa hema. Nyuma yake wageni wangu walikuwa wameacha vikombe, wanavuka kiwanja taratibu, kila mtu na kiti chake cha plastiki kichwani. "Mimi naitwa Shehe Kamis. Tarehe nane Mei nilikuja hapa kumswalia Kasim jeneza. Kikao chochote sikukiona."

Watu wakaguna. Abdul-Latif akaishusha karatasi.

"Endelea," akasema Bi Ayot.

"Rashidah."

Dada yangu hana sauti ndogo. "Nipo! Nakaa Bombo! Hiki kinamasi chenu hata sikijui kinaanzia wapi. Nilikuja kuzika shemeji yangu, na sahihi niliweka kwenye daftari la msiba, mbele ya huyu mama wa chapati!"

Alisoma la tatu, la nne, la tano. Kila jina mtu alisimama. Mmoja wa Jinja, mmoja wa Entebbe, fundi wa Makindye. "Nilikuja kuzika." "Nilikuja kuzika." Sauti ya Abdul-Latif ilikuwa inashuka, spika ikawa inatoa pumzi zake tu. Kufika namba kumi na moja mtaalamu wa kampuni alikuwa amekaa, anasoma simu yake.

"Namba kumi na mbili," akasema Bi Ayot.

Abdul-Latif akageuza ukurasa, akaurudisha.

"Katibu, namba kumi na mbili."

"Shakirah," akasema, kwa shida.

Mama mkwe wangu alikuwa mstari wa mbele. Akainuka akijishika kwenye kiti. Mimi nyuma ya wavu nilikuwa nimeuma ncha ya mtandio.

"Ni mimi Shakirah, mama yake Kasim," akasema. "Siku hiyo nilimzika mwanangu. Saa saba, baada ya adhuhuri. Huyu anayesoma ni mdogo wake, ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, nguo yake ilijaa tope nikaifua mimi." Akamgeukia. "Latif, mwanangu, karatasi hiyo ni ya nini? Kwa nini kidole changu kimo?"

Bi Ayot akavua miwani yake. "Katibu, jibu lako litaingia kwenye kumbukumbu," akasema. "Hapa imeandikwa saa nne mpaka saa nane uliongoza kikao. Tarehe nane Mei, saa saba mchana, ulikuwa wapi?"

Afanyeje? Akisema kikaoni, mbele ya watu wote wale waliomwona siku ile, atakuwa amemkana ndugu yake kaburini. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika kwenye miguu ya mama yake.

"Kaburini," akasema. Spika ikaisikilizisha zoni nzima. "Nilikuwa kaburini, mama."

Nilihisi utamu mpaka kwenye meno. Niwafiche nini? Nilikaa chini kwenye mkeka nikasema, Kasim, umesikia.

Bi Ayot akafunga kikao hapo hapo. Akasema ripoti imerudishwa, kibali hakuna, tipa zisimame, na wananchi wa Bwawani wataulizwa upya, nyumba kwa nyumba, wakiwa hai na wakijua wanaulizwa nini. Akataka daftari lenyewe, sio nakala kivuli, lifike ofisini kwake kabla ya Ijumaa saa kumi. Bila hilo, akasema, kampuni itadai orodha ni halali na sisi tunapiga maneno tu.

Watu wakarudi kwangu kula karama. Vigelegele, kelele, kila mtu anasimulia alivyosimama. Mama Shakirah akaingia nyuma ya pazia akakaa mbele yangu. Chakula hakugusa.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, mama."

"Ungeniambia nyumbani, tungemaliza nyumbani."

"Ungemficha."

"Ningemficha, ndiyo!" akasema. "Nilizaa wawili. Mmoja nimemzika, na huyu mwingine umenifanya nimzike kwa spika." Akainuka, akatoka. Nilimsikia anaomba boda ya kumpeleka kwa Latif.

Alhamisi eda ikaisha. Katika familia yao, mjane hatolewi na mtu mwingine ila mama mkwe. Anamshika mkono, anamvusha kizingiti, ndio anarudi kwa watu. Nikaoga, nikavaa, nikakaa. Saa tatu. Saa nne. Akeyo akasema, "Hajati, nikuvushe mimi?" Nikamwambia anyamaze. Nilikuwa nimeanza kuogopa, kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Saa tano na nusu akaja. Nyuma yake Abdul-Latif, ameshika kaunta buku kifuani. Mama Shakirah akaninyooshea mkono bila kunitazama usoni, akanivusha kizingiti. Jua likaniingia machoni nikasimama kidogo.

"Shemeji," Abdul-Latif akasema. Alikuwa amekonda kwa siku mbili, jamani. "Waliniahidi usimamizi wa geti la yadi. Nilidhani watajaza tu, na Kasim ameshaondoka. Nisamehe."

Nikalichukua daftari nikalifungua. Mistari ya Akeyo ile, inapinda. Nikapitisha kidole kutoka wa kwanza mpaka wa themanini na saba, na jina lake halimo. Siku ile alikuwa makaburini tangu alfajiri, hakupita kwa Akeyo. Nikamgeuzia mstari wa themanini na nane, mtupu.

"Andika," nikasema.

"Niandike nini?"

"Tarehe nane Mei. Jina lako. Pale pa unakotoka, andika kaburi la Kasim. Halafu sahihi."

Alijua maana yake. Sahihi ile ingekuwa ushahidi wake mwenyewe dhidi ya yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na baada ya hapo hata ukatibu kwaheri, na polisi wanaweza kumwita. Akamtazama mama yake. Alimtazama kama alivyokuwa mtoto, nadhani, akitaka atetewe.

"Andika, Latif," akasema Mama Shakirah.

Meza haikuwepo. Akapiga magoti kizingitini, akaandika juu ya saruji. Alipomaliza, mama yake akamwomba Akeyo wino, akainama, akaweka kidole gumba chake kando ya sahihi ya mwanawe kama shahidi. Kisha akanyooka, na sasa akanitazama.

"Maji hayataingia nyumbani kwako," akaniambia. "Ulichokitaka umekipata. Ila kuanzia leo usiniite mama."

Iliniuma. Bado inaniuma, nikiinjika chai naikumbuka. Lakini Ijumaa saa kumi haikuwa mbali, na daftari lilikuwa mkononi mwangu, wino haujakauka. Nikalifunga kwenye kanga, Akeyo akapanda mbele, nami nikapanda nyuma yake kwenye boda, tukaenda kwa Bi Ayot.